Jina la Wifi Kwenye Kitabu cha Wageni

Ni saa mbili kasorobo asubuhi na ukungu haujaondoka Lushoto. Rukia Shemweta (33) anasimama mbele ya kaunta ya nyumba ya wageni yenye vyumba tisa, anavuta kitabu kikubwa cha wageni na kuanza kuandika. Jina: Rukia Shemweta. Kabila: Msambaa. Atokako: Ubiri. Anaandika taratibu, herufi kubwa kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Siku hizi nataka lisomeke," anasema bila kuinua macho.

Kisha anachukua ufunguo wa chumba namba sita. Kitanda amekisukuma ukutani, dirishani ametundika blanketi ili kelele za barabarani zisiingie, na kompyuta yake ipo juu ya stuli. Saa mbili kamili simu ya kwanza inaita. "Habari ya asubuhi, unaongea na Rukia. Nikusaidie nini?"

Rukia ni mpokea simu wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza taa za sola. Hajawahi kuiona ofisi yake. Wateja humpigia taa zikizima, na kazi yake ni kuwatuliza. Kwa siku hupokea simu zipatazo sitini, na karibu zote huanza kwa lawama.

"Naomba radhi mara sitini kwa siku, kwa makosa ya watu nisiowajua," anasema, na kicheko chake kinakatika mapema.

Alianza kazi hiyo nyumbani. Haikuwezekana. Mvua ikipiga bati hasikiki, umeme ukikatika naye anakatika, na jogoo wa mama mkwe hakuwa na saa maalumu ya kuwika. Mteja akisikia jogoo, Rukia anapunguziwa alama. Alama zikipungua mara tatu, kazi imekwisha. Kwa mshahara wa shilingi 380,000 unaosomesha watoto watatu, hakutaka kufika huko. Ndipo akakodi chumba cha mchana kwa shilingi 5,000 kwa siku.

Lakini gesti ni gesti. Mke wa mtu akiingia asubuhi na kutoka jioni, nani atauliza anafanya kazi gani? Rukia alilijua hilo. Mumewe, Ismaili Singano, mkulima wa kabichi, Rukia alimdanganya kwamba amepata ofisi mjini. Akawa anapita uchochoroni, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi.

Siku ya kwanza mhudumu, Dotto, mwenyeji wa Magoma asiyemjua mtu mjini, alimsogezea kitabu. Rukia alishika kalamu, mkono ukakataa. Juu ya mstari wake palikuwa na majina ya watu wengine, yanasomeka waziwazi. Hivyo na lake lingesomwa.

Asubuhi hiyo alikuwa ameongea kwa simu na wifi yake, mdogo wa Ismaili, anayeuza vitambaa huko Mazinde, chini ya milima. Jina lake lilikuwa bado mdomoni. Akaandika: Sharifa Singano, Mazinde.

"Niliona Mazinde ni mbali. Nani atamjua Sharifa huku juu?" anasema.

Akaandika hivyo kesho yake, na keshokutwa, kwa miezi miwili.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Rukia ilishuka kona zote mpaka Mombo na kufika Mazinde kabla yake. Mama mmoja mfanyabiashara wa maharage, mkazi wa Mazinde, alilala katika gesti hiyo siku ya soko. Alipokuwa akijiandikisha aliona mistari ya juu: Sharifa Singano, Mazinde. Akafunua ukurasa wa nyuma: Sharifa. Wa nyuma yake: Sharifa. Kila siku, mchana, chumba kilekile.

Wakati huo Sharifa alikuwa ameposwa na Faraji, fundi magari wa Mombo. Wiki haikuisha, mshenga akarudi na ujumbe kwamba upande wa mwanamume umesimamisha mambo kwanza. Sharifa aliapa kwamba hajapanda Lushoto tangu Idi. Waliomsikiliza walitikisa vichwa. Kitabu kinasema.

Habari zilimfikia Rukia jikoni kwake, kwa mdomo wa mama mkwe, Bi Fatuma, aliyekuwa akilia.

"Mwanangu Rukia, kuna mtu kamuua Sharifa wangu akiwa hai," alisema.

Rukia alimpa maji ya kunywa.

Hapo ndipo anapovua vipokea sauti vya masikioni na kuvikunja mapajani. Anataka jambo hili liandikwe, anasema, kwa sababu ndilo linalomla.

"Kesho yake nilikuja hapa. Dotto akanisogezea kitabu. Nikiandika jina jingine ataniuliza mimi ni nani. Nilijua yaliyompata wifi yangu. Nikaandika tena Sharifa."

Aliandika hivyo kwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini alimwambia Ismaili yote, akapanda gari kwenda Mazinde. Mbele ya Bi Fatuma, aliyekuwa ameshuka kwa bintiye, mshenga na wajomba wawili, aliwaamkia shikamoo, akaomba karatasi. Akaandika jina la wifi yake kama alivyozoea, kisha akaweka kando yake simu yenye picha ya kitabu cha wageni. Mshenga alitazama karatasi, akatazama simu, akavua kofia.

"Ni mimi," Rukia alisema. "Sharifa hajui lolote. Nilikuwa kazini, lakini jina nililiiba."

Anasema aibu ya siku ile ilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni, na kwamba aliistahili. Sharifa hakumtukana. Alisema neno moja tu kabla ya kuingia ndani.

"Wifi, jina lako ulilionea huruma."

Posa imerudi, na harusi itakuwa baada ya mavuno. Ismaili kwa wiki nzima hakuongea, lakini kila asubuhi alimbebea mkewe kompyuta, akapita naye katikati ya soko mpaka mlangoni pa gesti, watu wakiona. Minong'ono haijaisha. Kuna wanaoamini hadithi ya simu na kuna wasioiamini, na Rukia amechoka kuwahesabu.

Mpango wake ni kujenga chumba kimoja cha tofali nyuma ya nyumba, chenye dari nene, mbali na banda la kuku. Lakini hilo silo analoliombea.

Kitandani ipo simu yake ndogo, uso juu. Sheria ya kampuni ni kwamba mteja hakatiwi simu, hata atukane vipi. Tangu Mazinde, Rukia amempigia Sharifa mara nyingi. Hapokei.

"Ipo siku atanipigia," anasema, akivaa tena vipokea sauti kwa sababu simu inaita. "Hata kama ni kunitukana. Siku hiyo mteja atanisamehe. Nitamkatia."