Nilimwandikia Baba Ugonjwa Asiokuwa Nao

Nina hatia, na sitaki mtu anipe pole. Pole zenu ndizo zilizonifikisha hapa!

Niliutangazia ulimwengu kwamba baba yangu anapoteza kumbukumbu. Nilidanganya. Baba ni mzima, akili yake inakata kuliko yangu. Nilidanganya ili nisomwe. Haya, nimesema.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nafanya kazi ofisini Kimihurura, hapa Kigali. Nilizaliwa na kusoma Karagwe, Tanzania, baba akiwa mwalimu huko, kisha tukarudi Rwanda. Mama alipofariki, baba akahamia kwangu Kicukiro.

Nilikuwa na blogu ya Kiswahili. Kwa miaka miwili niliandika mambo yangu madogo: mvua, majirani, namna ninavyopika ndizi. Walionisoma ni akina dada wachache wa kanisani na binamu mmoja wa Bukoba. Basi! Kila asubuhi nafungua, nakuta kimya. Kiliniuma kimya kile, nisiwafiche.

Sasa baba. Hapa kwetu, watu wakienda kuposa, upande wa bwana harusi unaongozwa na mzee anayejua maneno. Tunamwita umukwe mukuru. Anasimama mbele ya umati, anataja koo na vizazi, anatania, anajibu mitego ya upande wa pili, yote kichwani bila karatasi. Baba alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kumbukumbu yake ndiyo ilikuwa heshima yake mjini.

Siku moja mchana akanipigia simu. "Mwanangu, niko Sonatubes, pikipiki imenishusha upande nisioujua. Nishike barabara ipi?"

Alikuwa ametoka kwa daktari wa macho. Walimtia matone ya kupanua mboni, akawa haoni vizuri. Nilijua hilo! Nilimwelekeza, akafika, tukacheka sana jikoni.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nikaandika: "Baba Yangu Amepotea Sonatubes." Habari ya matone niliiandika, halafu nikaifuta. Ilikuwa sentensi moja tu! Niliifuta kwa sababu hadithi ilikuwa tamu zaidi bila hiyo.

Wee! Kufika jioni simu haipoi. Watu wa Dar, Nairobi, Bujumbura. "Dada tunalia na wewe." "Mama yangu alianza hivyohivyo." "Tuletee habari za mzee, usituache." Na mimi, mjinga mimi, nikavimba kichwa. Nikajiona mwandishi.

Tatizo ni kwamba baba hakupotea tena. Alikuwa amekaa zake kwenye kochi, anasahihisha makosa ya sarufi gazetini kwa kalamu nyekundu. Nikamsubiri asahau kitu. Mnasikia ushetani huo? Nilimkodolea macho baba yangu mzazi nikisubiri akosee!

Hakukosea, kwa hiyo nikatunga. Nikaandika kwamba ameniita kwa jina la marehemu mama. Uongo. Nikaandika kwamba ametia chumvi kwenye chai. Uongo. Nikaandika kwamba alisimama mlangoni asubuhi akisubiri wanafunzi wa Karagwe waingie darasani. Hiyo ndiyo iliyowaliza wengi kuliko zote, na mimi niliitunga nikiwa natafuna sambusa!

Jina lake sikulitaja, nikajiona mwerevu. Lakini mwalimu wa zamani wa Karagwe, anayesemea watu kwenye harusi za Kigali, asiyemjua ni nani?

Jumamosi moja akaja Silasi, rafiki wa baba wa siku nyingi. Mwanawe alikuwa anaoa, na baba ndiye aliyekuwa asimame kuwa umukwe mukuru. Alishajiandaa wiki nzima. Nilikuwa naleta chai nikamsikia Silasi akisema, "Muzehe wangu, tumekaa kama familia. Tumeona upumzike. Afya kwanza, rwose, kabisa."

Baba akashangaa. "Afya ya nani?"

"Yako, mwalimu. Tunakupenda."

"Silasi, mimi siumwi."

Silasi akaniangalia kwa huruma, kama tuna siri moja. Na mimi nikafanya nini? Nikamimina chai! Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, mbele ya wote wawili, nikaipoteza.

Toka siku hiyo baba akaanza kujichunguza. Nilimkuta na daftari, anaorodhesha majina ya wanafunzi wake wa zamani, darasa kwa darasa, aone kama yupo aliyemtoka. Akaenda hospitali mwenyewe, wakampima. Daktari akamwambia hana tatizo lolote. Ndipo akamfuata Silasi kwake, akamuuliza, "Habari za ugonjwa wangu ulizitoa wapi?" Silasi akamwambia, "Kwa binti yako. Anaziandika."

Alirudi akakaa mezani, akavaa miwani. "Lete hayo maandishi."

Alisoma yote. Mimi nimesimama kama mtoto wa darasa la pili.

"Hili la jina la mama yako?"

"Si kweli, Baba."

"La chumvi?"

"Si kweli."

"La wanafunzi mlangoni?"

Akavua miwani. "Ungekuwa unanichukia ningeelewa. Kwa nini umefanya hivi?"

Nikasema, "Watu walikuwa wanasoma."

Hebu fikirieni! Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo!

Hakufoka. Alisema tu, "Umeniandikia ugonjwa, mwanangu. Sasa nitaupona vipi?"

Siku hiyohiyo nikaandika ukweli wote kwenye blogu. Nikasema nimetunga, baba mzima, nisameheni. Mnajua walijibu nini? "Pole dada, familia nyingi hukataa mwanzoni." "Unamlinda mzee, tunakuelewa." Hawakuniamini! Uongo walikuwa wameumeza mzimamzima, ukweli wakautema! Mmoja akaandika, "Hii nayo kali, endelea." Endelea na nini? Nilitaka kuitupa simu ukutani. Nikampigia Silasi, nikamwapia kwa Mungu. Akaniambia kwa sauti ya upole, "Mwanangu, tunaelewa. Ni mzigo mzito."

Harusi ikafika, Nyarutarama, bustani nzuri, mahema meupe. Baba alikaa safu ya tatu. Mtu mwingine akasimama kusema, akakosea hadi jina la ukoo wa bibi harusi. Baba alimung'unya midomo. Akaja mama mmoja, akainama, akamuuliza polepole kama anaongea na kitoto, "Muzehe, unajua uko wapi?"

Baba akamjibu kwa adabu, "Niko Nyarutarama, kwenye harusi niliyotakiwa kusema."

Yule mama akageuka kwa mwenzake, akatikisa kichwa. "Maskini," akasema.

Nilitaka kumrarua! Halafu nikakumbuka kwamba huyo ni msomaji wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kumwona baba hivyo.

Mwezi uliofuata baba alihamia kwa kaka yangu, kule Huye. Hakunilaani, sema hanisimulii kitu tena. Nikipiga simu ananiambia mvua imenyesha au haijanyesha, basi. Kaka anasema huko anaongea mpaka wajukuu wanasinzia. Mimi ndiye ninayepewa mvua. Na hakuna aliyemwita tena kusema harusini. Hata mmoja!

Blogu nimeifuta (hapa nimeomba nafasi kwenye ukurasa wa mwenzangu). Haijasaidia, wameshazinakili hadithi zile, zinazunguka kwenye magrupu ya simu, na juu kabisa wameandika "mtumie mwenye mzazi."

Kwa hiyo wewe unayeandika, unayeamka na kukimbilia kuhesabu waliokusoma, sikia. Wasomaji wako hawali na wewe nyumbani. Watalia leo, kesho watamlilia mwingine, na wewe utabaki na mtu wako, kama bado atataka kubaki. Kabla hujachapisha, mwite huyo unayemwandika, msomee neno kwa neno ukimwangalia usoni. Ukijikuta unaruka sentensi, futa. Na mkija hapa chini kunipa pole, nitawatukana!