Shujaa wa Ukurasa Mzima

Afadhali niwaambie mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza mtahadithiwa na mke wangu, naye huongeza chumvi: mimi, mwalimu mzima, niliwahi kufukuziwa jikoni kwa wanawake siku wazee walipokuwa wakizungumza mahari yangu. Aibu niliipata, sikatai, lakini kila hatua niliichukua kwa akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nafundisha Manga, kwetu Kisii, akaja Mzungu mmoja mpiga picha aliyekuwa akitengeneza kitabu kikubwa cha kuisifu nchi yetu, wanyama wake, milima yake, watu na mila zao, na kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa hakina mchezo, nikawa mkalimani wake. Alitaka Mgusii aliyevaa mavazi ya kale. Wazee wakaja, wote na makoti ya kanisani, na hakuna aliyekubali kuvua (mmoja aliuliza kama Mzungu naye angevaa ngozi ya babu yake). Nikaona kabila letu litakosa nafasi kitabuni hivi hivi. Nikamwambia Mzungu, "Ningojee hapo, nakuletea shujaa."

Nyumbani nyanya yangu alikuwa shambani. Nikachukua ngozi kuukuu, nikachukua mkuki wa babu, halafu chini ya kitanda cha nyanya nikakuta kikapu cha pete za chuma, nyingi, nzuri, zinalia zikigongana, nikazipandisha mikono yote miwili mpaka karibu na kiwiko. Mtaniuliza kama sikuwahi kuziona popote. Sisi tulilelewa kimisheni, mambo ya kale hayakutajwa kwetu, na kijana mwenye adabu haangalii miguu ya vikongwe sokoni. Basi nikapigwa picha.

Kitabu kilinifikia wiki ile ile ya kwenda Ekerenyo kumposa Kemunto. Mimi huyo ukurasa mzima, baada tu ya ukurasa wa simba, na maneno chini yanasema huyu ni shujaa wa Kigusii katika mavazi ya mababu zake. Sikumwonyesha mtu, maana niliona ni Mungu amekileta: baba yake Kemunto, Mzee Nyakundi, alikuwa ameshasema hamtoi binti yake kwa kijana wa vitabu asiyejua mila za kwao, na kumkosa Kemunto nisingeweza. Baba mdogo, aliyekuwa mshenga wangu, alipoona nimekibeba kwapani alinionya, "Mkwe hupelekewa heshima, hapelekewi picha." Nikamwona mtu wa zamani.

Tulipofika Ekerenyo na kukaa tu, nikasimama, nikakifungua, nikawasomea na kuwatafsiria. Mzee Nyakundi akavaa miwani, akatazama sana, akampa mama yake, nyanya ya Kemunto, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha.

"Hizi za mikononi ni nini?" nyanya akaniuliza.

"Ni kinga, nyanya," nikasema (na hapa ningeweza kunyamaza). "Shujaa alizuia panga kwa mkono."

"Nani alikufundisha?"

"Babu yangu."

Akavuta pindo la nguo yake kidogo, akanyoosha miguu. Vifundo vyote viwili vilikuwa vimejaa pete zile zile.

"Hizi ni ebitinge," akasema. "Nilivishwa siku ya harusi yangu ya kimila. Mwanamke akivishwa hizi, ni mke wa mtu mpaka mumewe afe. Sasa niambie, mwalimu, wewe umeolewa na nani?"

Baba mdogo akatazama dari. Mzee Nyakundi akavua miwani, akafunga kitabu, akatoka nje. Nikajua posa imekufa na nimeiua kwa mikono yangu miwili iliyojaa pete.

"Tulingoja mume, tumeletewa mke wa watu," nyanya akaendelea. "Wake hawakai na wazee. Nenda jikoni."

Nikaenda, ningefanya nini. Kemunto alikuwa akimenya ndizi, machozi ya kicheko yanamtoka, akasogea kwenye kibao na kunipa kisu. "Karibu, mke mwenzangu."

Nikamenya. Na hapo nikasikia nyuma ya ghala mtu anacheka mpaka anakohoa, anatulia, anaanza tena. Alikuwa Mzee Nyakundi. Kwetu baba mkwe hacheki na mkwewe hata kidogo, utani ni wa nyanya, kwa hiyo mtu akikimbilia nyuma ya ghala ili asikucheke usoni, ujue ameshakuhesabu mkwe. Sijawahi kumenya ndizi kwa furaha namna ile.

Kemunto nilimpata, na kitabu anacho yeye, hukitoa kwa kila mgeni kabla ya chai. Nyanya yangu nilipomrudishia pete zake, zile alizozivua siku ya ubatizo, hakugomba, alisema tu ningemuuliza. Basi nimeapa: sivai tena kitu cha mtu kabla ya kumuuliza yeye alikivaa wapi.