Nilivyomwambia Ana Virusi

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikufichi. Yule mama alipoacha kuja Alhamisi niliyompangia, nilimkasirikia. Alikuwa muuza viazi wa Wanging'ombe, aliyekuja kwa miguu yake kwenye kituo chetu cha afya hapa Makambako kupima mlango wa kizazi. Kipimo kilionyesha ana kirusi cha HPV. Ilibaki tumwangalie kwa siki, ambayo ukiipaka penye kasoro hugeuka peupe, na kama pana mabadiliko tuyachome siku hiyohiyo, kabla hayajawa saratani. Badala yake akazima simu. Wiki ya kwanza, ya pili, hapatikani. Watu wengine bwana, nilisema, unamwokoa anakukimbia!

Wiki ya tatu akaja mkufunzi kutoka Njombe, nesi wa siku nyingi anayezunguka vituoni kutufundisha namna ya kuzungumza na wagonjwa. Kusema kweli nilimdharau. Miaka yote hii nipo kazini, leo nifundishwe kuongea? Nikamsimulia ya yule mama aliyenikimbia, naye akavuta kiti, akakaa upande wa mgonjwa. "Haya, mimi ndiye huyo mama wa viazi. Nipe majibu."

Nikaanza, kwa sauti yangu ya kazini: "Mama, majibu yako yametoka. Umekutwa na virusi..."

Akainuka. Akachukua mkoba, akafunga vifungo vya koti, akatoka na mlango akaurudishia. Nilipomfuata koridoni akaniuliza, "Naye alitoka hivi?"

"Hapana. Alikaa, akawa anaitikia 'sawa, sawa', nikamweleza yote mpaka mwisho."

"Ulikuwa unakielezea kiti. Yeye alishaondoka pale pale kwenye virusi. Kwa mkoa wetu huu, Ukimwi ulivyotumaliza, ukitamka virusi, nani anasubiri umalize?"

Loo! Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Na hiyo HPV yenyewe, kwa mtu aliyeshtuka, ina tofauti gani na HIV? Usiku huo usingizi haukuja vizuri. Kama alikuwa na kidonda kinachokua, kilikuwa kinakua kwa sababu ya mdomo wangu.

Siku ya soko nikamtafuta, bila sare. Nilimkuta nyuma ya magunia yake, akageuka kama hanijui. Nikamsalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, mama," nikamwomba tusogee pembeni, kisha nikamwambia kwa sauti ya chini: "Siyo ule ugonjwa."

"Najua," akasema, macho makavu. "Nimepima Njombe, nikaenda tena mpaka Ludewa nisikojulikana. Sina. Nikajua mmenichanganyia majibu, nikaapa sirudi kwa waongo." Kumbe siku ileile ya majibu alimtoa mumewe chumbani kwa kumshuku, maskini ya Mungu, mwanaume wa watu bado analala chumba cha watoto.

Nikamweleza upya, safari hii taratibu, nikisubiri aulize. Kwamba kirusi hiki wengi wetu hukipata, wanawake kwa wanaume, na kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, kwa hiyo hakuna wa kumnyooshea kidole. Kwamba mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kisipoondoka ndipo huweza kuleta saratani, tena polepole, na hapo katikati tunaweza kuizuia.

"Na mimi muda bado upo?"

Nilitamani kumwambia ndiyo. "Sijui, mama, mpaka nikuangalie. Njoo kesho."

Akaja, sweta mbili kwa baridi ya asubuhi ile. Nikampandisha kitandani, nikampaka siki. Siki ikaonyesha alama nyeupe, ndogo, ya kutibika palepale. Mungu wangu, nilishusha pumzi mpaka akasikia. Nikaichoma kwa kile kifaa cha joto, naye akakunja uso kidogo tu. Chai isingechemka kwa muda ule.

"Tayari," nikasema.

"Tayari nini?"

"Nimemaliza. Hukuwa na saratani. Mwakani unarudi tukuangalie tena."

Akajiinua kwa viwiko, akanitazama, akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka humohumo. "Ndiyo hii tu? Ndiyo hii niliyoikimbia wiki zote hizo? Sista, kirusi chako hakijanifanya kitu. Aliyetaka kuniua ni wewe."

Nilicheka naye mpaka nikalazimika kujifuta macho. Kisha nikamwomba radhi, kabla hajashuka kitandani.