Mlinzi wa Makoti

Mama mkwe wangu aliniona uchi. Naandika hivyo moja kwa moja ili nimalize, maana kila nikijaribu kuzungukazunguka majirani zangu wa Iyunga wananikatiza, wanasema tunajua, tunajua, fika kwenye lori. Haya, niko kwenye lori. Lilitokea kwenye ukungu saa nane mchana, juu kabisa ya mlima, barabara ya kwenda Chunya, na mimi, mtu mzima, baba wa watoto watano, nimesimama katikati ya barabara juu ya mawe ya barafu, sina hata uzi mwilini isipokuwa kamba shingoni, na kwenye kamba ufunguo. Na juu ya magunia, katikati ya abiria, amekaa mama yake mke wangu, ametoka Iringa, siku ya pili njiani, anakwenda kumwona mwanawe wa mwisho machimboni.

(Kwetu Uhehe mama mkwe nikimwona hata kwa mbali naacha njia, naingia majanini, naangalia pembeni mpaka apite. Sijawahi kula mbele yake. Sasa pimeni wenyewe.)

Nirudi nyuma. Tulikuwa vibarua ishirini, tumepiga kambi mlimani tunaondoa kifusi kilichoporomokea barabara. Mlima ule hauna msimamo, asubuhi jua linakuchoma mgongo, mchana ukungu, mara mvua ya mawe, na ukishuka upande wa Chunya unakuta vumbi na joto la kukausha mate, kwa hiyo mtu hajui avae nini. Bwana wa barabara, Mzungu wa Mbeya mjini, alituletea makoti ya mvua ishirini, mazito, ya turubai, kila mtu na lake. Yalifika, hilo sikatai. Waliotunyima nawataja: wa kwanza nyapara wetu, Mwasenga, wa pili karani wake, Athumani. Mwasenga aliyafungia kwenye kibanda cha zana akasema yatatoka siku Bwana akija kukagua, ayakute mapya yanang'aa, ajue nyapara wake anatunza mali. Athumani akaandika kitabuni kwamba yamegawiwa. Basi Bwana akija tunavaa, akigeuza gari tunavua, tunakunja, tunarudisha.

Na ufunguo nikapewa mimi. Mwasenga alisema anataka mtu mzima mwaminifu, nami nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nikauvaa shingoni, nje ya shati, uonekane. Wenzangu wakaanza kuniita Bwana Stoo, wananicheka, na mimi (Mungu anisamehe) nikapenda.

Siku yenyewe ilianza na jua zuri. Mwasenga alikuwa ameshuka mjini tangu jana yake, amevaa koti moja, ati analijaribu, na kabla ya kuondoka alisema atakayefungua kibanda yeye hajarudi asitafute kazi tena barabara yoyote ya jimbo hili. Saa saba wingu likakaa mlimani. Kyando, mwenzetu wa kutoka milima ya Ukinga, aliyechunga kondoo kwenye baridi tangu utoto, akatupa chepe chini akasema tuache kazi tuvae makoti. Nikamwambia asubiri, litapita.

Halikupita. Mawe yalitupiga vichwani, kisha upepo, kisha mvua ya baridi isiyokatika, kambi iko chini mwendo wa saa nzima na njia imegeuka mto, tukakimbilia kibandani tukaegemea ukuta, watu ishirini, makoti ndani, sisi nje, unene wa ubao mmoja katikati. Nilikaa hivyo na ufunguo wangu shingoni. Naona aibu ya hilo kuliko aibu ya lori.

Mzee Mwashilindi, Msafwa, mkubwa wetu kwa umri, alikuwa anatetemeka mpaka kofia ikamwanguka, halafu akaacha kutetemeka. Nilifurahi, nikadhani amepata joto. Kyando alimshika shavu, akanigeukia.

“Bwana Stoo, huyu anakwenda. Fungua.”

“Mwasenga alisema tusiguse.”

“Mwasenga yuko mjini anakunywa chai. Mzee akifa utamvalisha huo ufunguo?”

Basi nikainuka. Vidole havikunitii, vilikuwa kama vya mtu mwingine, sikuweza kuifungua kamba wala kuushika ufunguo, nikaubana kwa meno nikainama na uso wangu kwenye kufuli kama mbuzi anayelamba chumvi, meno yenyewe yanagongana, ufunguo unacheza huku na huku. Kyando akanisukuma pembeni. Mapigo mawili ya sururu, mlango ukaachia.

Akatuamuru wote tuvue kila kitu, akasema nguo mbichi ndizo zinazoua, ukivaa koti juu yake umefunika maji tu. Tukamvua mzee kwanza, tukamvika, wawili wakamkumbatia. Mimi nikagawa, moja moja, Bwana Stoo mpaka mwisho, nikajiweka wa mwisho kwa sababu dhamiri ilikuwa inanisuta. Nikaingiza mkono kwenye sanduku la makoti, tupu. Makoti kumi na tisa. La ishirini lilikuwa mjini, mwilini mwa Mwasenga.

Hapo ndipo lori likatokea, na mimi nimekimbilia barabarani kulisimamisha kwa ajili ya mzee bila kujitazama. Taniboi, msaidizi wa dereva, anayenijua kwa ufunguo wangu, akapaza sauti: “Mlinzi wa makoti hana koti.” Watu juu ya magunia wakacheka. Nikamwona mkwe wangu, nikaruka mtaroni, kwenye maji ya barafu, mpaka kifuani. Blanketi likaniangukia kichwani, na sauti yake ikasema, si kwangu, kwa dereva: “Yule mgonjwa mpandisheni mbele.” Wakamteremsha mzee kwenye joto la Chunya. Jioni aliomba uji.

Mwasenga alimwambia Bwana kwamba nilikuwa mlevi nikavunja kibanda. Kyando akasema yote, na wenzangu wote wakasimama upande wake. Leo pale mlimani makoti yanatundikwa kwenye misumari, mlango hauna kufuli, ndani kuna jiko la mawe na kuni kavu. Mzee Mwashilindi ndiye anayelitazama wingu. Likikaa mlimani anagonga chuma, na hakuna anayesubiri ruhusa ya mtu. Mvua ya mawe imetukuta tena mara nyingi, tunaisikiliza tumekaa motoni.

Mimi nimebaki na vidole viwili visivyokunjika, na nimeapa kwamba sitabeba tena ufunguo wa kitu kinachotakiwa kuwa mwilini mwa mtu. Mbuzi wa kuomba radhi nilimpeleka Iringa, kama desturi inavyotaka. Mkwe wangu alinijibu kupitia kwa mke wangu kwamba siku ile alikuwa amefumba macho. (Aliyefumba macho hawezi kutupa blanketi likatua kichwani sawasawa namna ile, lakini nimepokea.)

Ila Athumani bado ameshika kalamu, na Mwasenga amehamishwa tu, ni nyapara wa barabara ya Tukuyu, kwenye mvua nyingi kuliko huku, na nasikia amepewa makoti mengine. Mimi langu nimeshalijibia kwa mkwe wangu. Wewe Mwasenga panda mlimani siku moja, simama mbele ya Mzee Mwashilindi, umwambie yale makoti ya mvua ulikuwa unayatunza yasiloweshwe na nini.