Sigara Nyembamba za Yaya

Yaya, ndivyo sisi wa Lubumbashi tunavyomwita dada mkubwa, alijifunza kuvuta sigara kwa sababu ya tenisi, mchezo ambao hakuwahi kuucheza. Saluni alikojifunzia kusuka ililetewa kalenda za bure na kampuni ya sigara: wanawake wa Ulaya wenye sketi nyeupe, raketi mkononi, na chini yao pakiti ya sigara nyembamba, eti za kike. Kampuni hiyo ndiyo iliyogharamia mashindano yao.

"Bale bamama banakimbia siku muzima," alinibishia kila nilipomgombeza. "Utaniambia mapafu yao iko mubaya?"

Mpaka leo hasira hunipanda nikikumbuka swali hilo.

Tulipohamia Johannesburg, Afrika Kusini, alivuta kwa kujificha. Kanisani kwetu Joubert Park, mwanamke anayevuta sigara hana tofauti na malaya, na yaya ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama. Alinunua mojamoja kwenye spaza, viduka vya mitaani vya huko, tena ya mbali, akavutia juu ya paa la ghorofa letu, kisha akatafuna karafuu. Mimi tu ndiye niliyejua.

Mwaka 2017 kikohozi kikamwangusha. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Akina mama wa kanisa humsindikiza, na anayejua Kiingereza humtafsiria. Siku hiyo mimi nilikuwa kazini Kensington, mtaa mwingine wa jiji. Daktari aliuliza kama anavuta sigara, mke wa mchungaji akatafsiri, yaya akatikisa kichwa. Basi akatibiwa kifua kikuu miezi na miezi, kumbe ni saratani.

Nilipokuja kusikia alivyojibu, nilimfokea mgonjwa wa watu kitandani.

"Yaya, sababu gani haukusema?"

"Ningesema namna gani, na mama pasta ndiye kinywa yangu?"

Nilikwenda mwenyewe kumweleza daktari. Wakampima upya, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaenea.

Kwenye matanga, mke wa mchungaji alisimama kutoa ushuhuda. "Mimi ni shahidi. Daktari aliuliza, nikatafsiri kwa kinywa hiki. Dada yetu hakugusa sigara maisha yake yote!"

Watu wakaitikia Amina. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yaya wangu kifo kilimfichia siri yake. Nilitamani kupiga kelele, niwaambie amekufa kwa kuwaogopa wao. Lakini binti zake walikuwa wameketi mkekani, wameinua nyuso zao zilizovimba kwa kulia, wanaona fahari juu ya mama yao.

Nami nikasema Amina.