Chane ya Kwanza

"Tukiacha kumpelekea Bibi ndizi, yeye atakuwa nani?" Mama aliniuliza hivyo akiendesha gari kutoka Woodbridge kwenda Bladensburg, huku Amerika, nami nimepakata chane ya ndizi mbichi.

Mwaka ule nilikuwa nasoma ukabaila chuoni, huko Shaw. Niliweza kumweleza yeyote jinsi, kwetu Bukoba, mtawala alivyomgawia mtu ardhi pamoja na wakulima waliomo. Babu yake mama alikuwa mmoja wa wakulima hao. Bibi wa Bladensburg alikuwa binti wa huyo aliyegawiwa. Sheria ilifuta mambo hayo kabla mama hajazaliwa. Lakini mama, anayeogesha wazee wa watu siku sita kwa wiki, kila akinunua boksi la ndizi alitenga chane ya kwanza, akaipeleka, akapiga magoti kwenye zulia la chumba kimoja cha kupanga.

"Ndizi gani hizi? Za Ekwado?" Bibi aliuliza siku ile, akiipindua chane.

"Za Ekwado, Bibi."

"Nyembamba kama vidole vya mwanao." Akanigeukia. "Na wewe, magoti umekatazwa na daktari?"

"Nimekatazwa na sheria, Bibi. Wewe ni kabaila uliyefutwa."

Mama alifumba macho. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Kabaila wa kupanda basi! Haya, kaa ule."

Nilikula nimesimama. Nilitaka kitu kimoja tu: mama ainuke pale chini. Njiani kurudi nikamwambia achague, aache kupiga magoti au awe anakwenda peke yake.

Alikwenda peke yake miaka minne. Hakunilaumu hata siku moja. Nikirudi nyumbani nilikuta ameniwekea sahani yangu, imefunikwa, bado ya moto.

Bibi alipofariki, mwanawe aliniomba nimsaidie kufungasha vitu. Chini ya kitanda tulikuta nguo ya gome la mti, imekunjwa vizuri, ile ambayo zamani kwetu bwana wa ardhi alipaswa kumzikia mkulima wake. Nikasema wamesahau kumvika.

"Yake tumemzika nayo," alisema. "Hii ni ya mama yako. Mama yangu aliiagiza toka Bukoba mwaka ule ule mlipofika Amerika."