Koti la Matabaka Kumi na Manane

Watu waliniuliza kwa nini, katika mji wa Goma ambako askari hawajawahi kupungua, nilichagua kuandika tasnifu yangu ya uzamili juu ya askari wa miguu wa Ulaya ya Zama za Kati. Nilijibu kwa maneno ya kitaaluma. Ukweli ni kwamba nilitaka askari waliokufa zamani kiasi cha kutoweza kubisha mlango wetu.

Profesa aliyenisimamia alisema kwamba, kwa kuwa hatukuwa na makumbusho yenye vitu vya aina hiyo, nitengeneze mwenyewe vazi la askari maskini na kulileta siku ya utetezi; bila hilo sura ya tatu, iliyobeba hoja yote, isingesimama. Askari maskini hakuwa na chuma kingi. Alivaa kofia pana ya bati nene, na koti la vitambaa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, vikashonwa pamoja hadi vikawa kitu cha kuzuia ncha ya upanga. Hilo lilinifaa, kwani mimi pia sikuwa na chuma wala pesa.

Kofia ilitengenezwa Murara na fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa, kutokana na pipa la mafuta lililookotwa Kibati baada ya mapigano. Pipa lilikuwa na tundu la risasi. Fundi aliliziba kwa ribiti, akaniomba nisiivae kofia ile barabarani. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kama ribiti hiyo ilikubalika kihistoria.

Koti ndilo lililonishinda. Nilikata mashuka kumi na moja makuukuu, nikayatandaza mezani, nikayashona kwa vipimo sahihi. Nilipolivaa, mikono haikupanda juu ya mabega. Mama alinitazama kutoka mlangoni.

“Mutoto yangu, ulishona matela ya kulalia. Hii haiko nguo.”

Alikuwa na sababu ya kujua. Mlima ulipolipuka nikiwa na miaka mitano, alitoka nyumbani amevaa vitenge vyake vyote saba, kimoja juu ya kingine, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi nyingine na nguo iliyo mwilini si rahisi kuporwa. Nyumba iliteketea. Ninachokumbuka ni ukingo wa kitenge cha nje, chenye miavuli midogo ya buluu, ambao niliushika njia nzima. Nyuma ya miavuli ile anga lilikuwa jekundu, na hadi leo, nikiota, mvua huinyeshea taratibu.

Sasa alifungua sanduku, akavitoa vyote saba. Nilikataa. Alisema vikishonwa pamoja, siku ya kukimbia atavivaa vyote kwa mkupuo mmoja. Kisha akanifundisha: kilicholainika kwa kufuliwa kikae ndani, kizito kikae nje, na uzi usipite kabla mwili haujasogea. “Vala kwanza. Nyanyua mikono, inama kama mutu anabeba maji. Njo tushone.” Alilishona koti nikiwa ndani yake, uzi ukipenya matabaka yote kumi na manane. Mikono ilipanda.

Wiki tatu kabla ya utetezi mlima ulilipuka tena. Lava ilisimama kabla ya kutufikia, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, hata asubuhi moja tukaamriwa kuondoka mjini. Mama alivaa koti. Mimi nilibeba kofia, imejaa maharage. Kwenye barabara ya Sake umati ulitembea kimya, kama watu waliotolewa katika usingizi mmoja. Kijana aliyesukuma chukudu, baiskeli yake ya mbao, alimpita mama akamwuliza, “Mama, umevala nyumba muzima?” Mama akamjibu kwamba ameacha milango tu.

Sake tulipata nafasi katika darasa la shule. Alasiri mvua ilianza, upepo ukaingia madirishani. Mwanamke aliyeketi karibu nasi alikuwa amejifungua siku mbili kabla. Mtoto wake alikuwa amefungwa ndani ya fulana iliyolowa. Mama alilivua koti, akatoa wembe, kisha akasita na kunigeukia.

“Kwa soutenance yako, wanahitaji bikwembe ngapi?”

Vitenge vingapi kwa utetezi: nilifikiri kupita kiasi, kama ilivyo kawaida yangu. Uzi ulipita kote. Kutoa kitenge kimoja kulimaanisha kulifungua koti zima, na pasipo koti sikuwa na sura ya tatu. Nilitafuta hesabu ambayo ingeniokoa. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Niliuchukua wembe. Kilichotoka kwanza, kwa kuwa kilikuwa cha nje, ni kile cha miavuli. Kabla giza halijaingia, mashuka yangu yalikuwa yametawanyika darasa zima, mabegani mwa watu nisiowajua.

Tuliporudi tulishona upya yaliyobaki, matabaka tisa. Mama alisisitiza mishono iwe mirefu, ya kufunguka upesi. Siku ya utetezi mjumbe mmoja wa jopo aliuvuta uzi kwa kidole, akasema kwamba mishono ya namna hiyo haizuii upanga na hakuna askari ambaye angeikubali. Nilieleza kwamba huenda askari maskini alihitaji vazi linaloweza kugeuka blanketi la mtu mwingine. Aliniuliza ushahidi uko wapi. Katika nyaraka, nilisema, sina.

Walinipitisha kwa sharti kwamba nilipunguze dai hilo. Nililipunguza: neno “huenda” limo katika tanbihi ya mwisho ya sura ya tatu. Koti limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wetu, na wembe umo mfukoni mwake.